Sahani ya Pili

Dakika sitini mnazotazama Jumapili
sisi tulizipika mchana kutwa na kipande cha usiku,
ndani ya ghala la Namanve lililokuwa la magodoro;
nyuzi za pamba bado zinaelea kwenye taa.

Kazi yangu haimo katika majina ya mwisho.
Naosha masufuria. Napiga pasi aproni.
Na kila anachopika mshindani, nami nakipika
nyuma ya pazia jeusi,
maana chakula hakijui kuisubiri kamera.
Hiyo ndiyo sahani ya pili, ya kupigwa picha.
Naipaka mafuta kwa brashi, ing'ae.
Nyuma yake naficha pamba iliyochemshwa.
Mvuke ule unaowadondosha mate, jamani,
ni wa pamba.

Na saa kubwa ya ukutani?
Sserunkuuma huisimamisha kwa kidole
mafundi wabadilishe betri,
washindani wakiwa mikono juu
kama waliofumaniwa na miiko.
"Kimbieni tena." Wanakimbia tena.
Kabagenyi wa Bushenyi alishtuka mara nne
kwa bakuli lilelile la eshabwe.
Mliona ya nne.

Nambozo alikuja na malewa kutoka Bududa,
yamekauka kwa moshi wa jiko la mama yake,
yamefungwa gazetini,
na chupa ya soda yenye maji ya kahawia:
majivu ya maganda ya maharagwe, yaliyochujwa.
"Chumvi yetu," aliniambia tukinawa. "Dukani haiuzwi."
Nikamwomba kijiko kimoja, nikolezee ya kwangu.
Akacheka, akaitia chupa mfukoni mwa aproni.
"Yako si ya kuliwa."

Na kweli haikuwa.

Alipika. Nami nikapika, kwa chumvi ya pakiti.
Alipokwisha kupakua, sufuria yake ikatolewa nje
kwa madereva na watu wa taa, kama ilivyo desturi.
Kisha jenereta ikakohoa.
Gizani mtu wa sauti akajikwaa,
waya ukavuta meza,
nikasikia chungu kikipasuka.

Taa ziliporudi Sserunkuuma alitazama sakafu,
akatazama mlangoni: Okwir, dereva,
anapangusa sufuria kwa tonge la mwisho la kalo,
amefumba macho, wala haigizi.
Akatazama saa yake. Ghala hulipiwa kwa saa.
Akatazama pazia langu.
Hakusema neno. Alinyoosha mkono tu.

Jaji akaonja.
"Kuna kitu kimekosekana," akasema. "Sijui ni nini."

Mimi nilijua. Nambozo alijua.
Macho yake yalinitafuta kwenye kitambaa cheusi,
mimi mikono imo kwenye sabuni hadi viwikoni,
elfu thelathini kwa siku,
na siku mbili zimebaki.
Nikasugua sufuria iliyokwisha takata.

Hakulia. Wakamwomba alie.
Binti wa vipodozi akamletea nusu kitunguu
amsogezee puani.
Nambozo alikipokea, akavuta ubao,
akakikatakata vyembamba, vyembamba,
kila kipande sawa na mwenzake,
akafuta kisu, akaondoka.
Hilo walilikata.

Chupa niliikuta kando ya beseni langu,
imebaki nusu.

Jumapili, nyumbani Bombo, majirani walijaa sebuleni.
Kidole gumba changu kilipita kwenye runinga
kikisogeza sahani, kufumba na kufumbua.
"Mastura! Ni wewe!" Wakapiga makofi.
Jaji akaonja, akakunja uso.
Mama mkwe wangu, ambaye malewa
hajayaona hata sokoni,
akatikisa kichwa, akasema,
"Hata kwa macho tu,
yanaonekana hayana chumvi."