Siku Mbili Pungufu

Bei yetu ndiyo iliyokuwa ya chini.
Nianzie hapo, maana watu wa Soroti
wakisikia tulishindwa, huuliza nani alihongwa.
Hakuhongwa mtu. Ni mimi.

Makalavati kumi na manne, barabara ya kwenda Katine,
fedha za benki ambayo makao yake hatuyajui
ila kwa nembo ya buluu kwenye jalada la waraka
wa kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Mama Asekenye aliuweka kwenye mzani wa mihogo:
kilo moja na robo.
Akasema, "Eyamu, vitu vizito vya kusoma ni vyako."

Nikasoma. Nilisoma hata palipoandikwa
ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi.
Nikajaza bei: zege kwa mita ya ujazo,
nondo kwa tani, uchimbaji kwenye udongo laini,
uchimbaji kwenye mwamba. Hapo nikatazama dirishani.
Jabali la Soroti limeukalia mji
kama mkaguzi asiye na haraka.
Nikapandisha kidogo.

Saa saba usiku umeme ukakatika.
Kwa Ekwaru wa fotokopi tukawasha jenereta,
petroli lita tano, Mama akalipa kwa sarafu.
Nakala halisi moja, za kawaida tatu,
sahihi fupi kila ukurasa, kila ukurasa,
mpaka ile A yake ikachoka,
ikawa kibanda kilichoegemea upande.
Lakiri. Bahasha ndani ya bahasha.
ISIFUNGULIWE KABLA YA SAA NNE ASUBUHI.

Saa nne wakafungua.
Ukumbi wa halmashauri, viti vya plastiki,
mkandarasi kutoka Kampala mwenye viatu
ambavyo havijapata kukutana na matope.
Wakasoma majina, wakasoma bei, moja moja, kwa sauti,
kama mahari inavyotajwa mbele ya ukoo.
Yetu ilipotajwa, mtu fulani nyuma alipiga mluzi.
Mama hakucheka. Alinifinya mkono tu,
na vidole vyake vilinuka gundi.

Wiki sita, kisha barua. Aya mbili.
Dhamana ya zabuni inakwisha muda wake
siku mbili kabla ya tarehe inayotakiwa.
Haikidhi masharti. Asanteni kwa kushiriki.

Benki ya hapa mjini iliandika tarehe niliyowapa.
Nami nilihesabu kwa ngumi, kama tulivyofundishwa darasa la pili:
mwezi wa juu ya kifundo una siku thelathini na moja,
mwezi wa bondeni una thelathini.
Februari iko bondeni.
Nikaipa thelathini.

Sikumwambia siku ile. Nilimwambia Jumapili,
akiwa anapepeta mtama, ili awe na kitu cha kutazama.
Akapepeta. Makapi yakaenda yalikokwenda.
"Siku mbili," akasema.
"Siku mbili hata zege halijashika."
Hakuongeza neno, na mimi mpaka leo
sijui kama lile lilikuwa tusi au msamaha.

Aliyeshinda alitupita kwa theluthi nzima ya bei.
Kokoto alinunua kwetu, kwa tripu, kwa mkopo.
Aprili mvua ikaja, maji yakapita chini ya barabara
kwa adabu, kama yalivyochorwa.
Kazi ni nzuri, siwezi kusema uongo.
Kalavati la tisa lina ufa mwembamba kama unywele.
Huwa nashuka kwenye baiskeli kuutazama.
Haukui. Nautazama hivyo hivyo.

Jana Mama ameleta waraka mwingine:
visima, wilaya ya Amuria, nembo ya kijani safari hii.
Ameshaupima. Kilo moja na nusu.
Ameuweka mezani pangu bila kusema kitu,
na juu yake kalenda ya kituo cha mafuta,
imefunguliwa Februari.