Rufaa ya Mianzi

Nimeisoma mara tatu, kurasa kumi na moja,
na mara zote tatu nimeanzia mwisho,
maana hukumu, kama mbeta ya ulanzi,
hujulikana kwa kilichotuama chini.

Mgogoro wenyewe ni huu.
Kihwele wa Ifwagi alipanda mianzi ukingoni mwa shamba.
Mizizi haikuuliza mpaka. Ilipita chini ya mtaro
ikaibuka ng'ambo, machipukizi saba,
na Semhapa, mjane, aliamka Januari
akakuta wageni wamesimama kwenye viazi vyake.
Akachonga ncha. Akatundika mbeta.
Akagema asubuhi, akagema jioni,
mwaka huo mwanawe hakurudishwa nyumbani kwa ada.

Kihwele akashitaki:
"Ng'ombe wangu akizalia zizini kwako,
ndama ni wa nani?"
Na mjane akajibu, imo kwenye mwenendo, ukurasa wa tisa:
"Ndama gani huyo
aliyekula mbolea yangu miaka mitatu
sijapata kumwona mama yake?"

Baraza la Kata likampa Kihwele mianzi,
likampa Semhapa ardhi iliyobeba mianzi.
Wakarudi nyumbani wote wawili wameshinda
na kabla jua halijazama wakapigana kwa fito.

Baraza la Wilaya lilikwenda kuona eneo.
Mvua ya Mufindi mnaijua. Kumbukumbu ya siku ile
ina maneno mawili: "Tumefika. Utelezi."
Lakini likaamua: aliyepanda ndiye mwenye mali,
popote mali itakapochomoza kichwa.

Ndipo rufaa ikapanda Iringa, Mahakama Kuu,
na sisi tukasubiri (ndiyo, tulisubiri,
hata mawakili wasiohusika waliulizia tarehe)
tusikie sheria itasema nini
juu ya kitu kinachotembea chini kwa chini.

Jaji hakuigusa mianzi.
Aliibua hoja mwenyewe, aya ya kumi na nne:
maoni ya wazee wa baraza
hayakusomwa mbele ya wadaawa.
Kwa hiyo mwenendo ni batili, na hukumu ni batili,
jalada lirudi Mafinga, lianze upya
kwa mwenyekiti mwingine, kwa wazee wengine,
kila upande ubebe gharama zake.

Ni sahihi. Nasema mapema nisieleweke vibaya.
Mtu hawezi kuhukumiwa kwa neno alilofichwa.
Ningekuwa mimi kwenye kiti kile
ningeandika vivyo hivyo, pengine kwa koma chache.

Ila mimi ni karani. Jalada limepita mikononi mwangu
na hayo maoni nimeyaona:
karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne,
mwandiko wa Bi Elipidia Chaula, mzee wa baraza,
kalamu imekata wino katikati akamalizia kwa penseli.

"Mwanzi hauna kwao.
Aliyepanda apate mbeta moja katika tatu,
mgemaji abaki na mbili.
Wakikataa, ung'olewe wote
wakiwa wamesimama hapo wanaangalia."

Miaka sita. Nauli, mihuri, viapo,
na jibu lilikuwa limelala jaladani
baina ya risiti na hati ya wito.
Jana, wenzangu walipokwisha ondoka,
niliyasoma kwa sauti pale masjala,
mbele ya makabati.
Najua hilo halitibu kasoro.

Leo Semhapa amekuja kuchukua nakala yake.
Hakuuliza nani kashinda.
Aliuliza: "Sasa mvua zimeanza.
Nigeme, au nisigeme?"

Nikapekua kurasa zote kumi na moja,
nikaanzia mwanzo safari hii.

Akaikunja nakala, akaitia kwapani.
Mizizi, alisema akiwa mlangoni,
imeshafika kwa Mgaya, jirani wa tatu,
ambaye si mdaawa katika shauri hili,
naye juzi ameonekana akinoa kisu.