Ala

Obura alikitoa mfukoni mwa jaketi la mtumba,
Gikomba, Jumanne, mvua ikitishia tu:
kitu kizito cha chuma, urefu wa kiganja,
baridi kama kufuli la alfajiri.
Akakivuta huku, kikawa koleo.
Akakivuta kule, kikatoa kisu,
tupa, bisibisi mbili, msumeno kama jino la panya,
na kimoja chenye ndoano
ambacho hadi leo hatujui kazi yake.
"Ala!" akasema mwenye kibanda.
"Ningejua, ningekutoza mara mbili."

Ala ni chombo,
ala ni mfuko wa ngozi aliokishonea,
ala ni kinywa kilichoachwa wazi.
Neno moja, kazi tatu:
nalo lina bawaba.

Tulikuwa mafundi wa mashine za nakala,
mimi na Obura na Nyamai, orofa ya tatu, Luthuli,
mlango wetu ukifungwa kwa waya.
Kabla ya hapo tulibeba mikoba ya kuvunja bega.
Nikipanda ngazi za wizara, lifti imelala,
orofa kumi na nne,
makarani walinisikia kabla ya kuniona,
chwa, chwa, chwa, kama mcheza ngoma mwenye njuga.

Mwaka haukuisha,
kila kiuno cha Nairobi kikaota nundu.
Wenye tai, mhubiri wa Jeevanjee,
mwalimu wa hesabu aliyekata kucha mkutanoni.
Wachuuzi wakakiita fundi bubu,
wakauza vya bei nafuu vilivyopinda ukikata sabuni.
Kamukunji, katikati ya kelele za nyundo,
Gathogo akaunda chake kwa springi ya lori.
Kikatoka kizito kama deni,
hakifungui kitu wala chenyewe hakifungiki.
Akakitundika ukutani, akakataa kukiuza.

Changu nilikinunua kwa mshahara wa Aprili.
Mama akanuna: "Mwanamke na koleo kiunoni?"
Kisha stima zikapotea, utambi wa jiko ukanasa,
akanyoosha mkono gizani, bila neno,
nami nikamwekea kiganjani.

Harusi ya Nyamai, kisu cha keki kilisahaulika Machakos.
Bibi arusi alikuwa karibu kulia.
Obura akasimama, akakifuta chake kwa soksi
(kwa leso; soksi naongeza chumvi)
na sote tukala keki yenye harufu ya wino.

Sisemi enzi zile zilikuwa njema.
Kodi ilitukimbiza, maji yalikuja Alhamisi.
Ila kitu kikiharibika kilikuwa na skrubu,
na penye skrubu pana njia.
Juzi simu ya binti yangu ilizima.
Niliigeuza, nikaigeuza tena,
kama mtu anayetafuta mlango wa yai.
"Hiyo ni ya kutupwa, Mama."

Na jana, lango la maduka, Westlands,
kidude cha mlinzi kikapiga yowe kiunoni pangu.
"Hii ni silaha, Mama."
"Ni fundi."
"Basi fundi abaki hapa."
Akanipa kipande cha plastiki, namba thelathini na moja.
Nikaenda kutafuta balbu,
mkono ukirudi kiunoni kila hatua
kama ulimi kwenye pengo la jino.

Niliporudi, kiti chake kilikuwa miguu juu,
yeye amepiga magoti,
ameshika changu, ameitoa ile bisibisi ndogo
ambayo wengi huchukua wiki kuiona.
Akashtuka, akataka kuficha.
"Kinayumba tangu Januari," akasema.

Nikasimama na namba yangu.
Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika.
"Kushoto unalegeza," nikamwambia. "Zungusha kulia.
Na hicho chenye ndoano,
ukijua kazi yake, uniambie."