Kasha Jekundu

Dukani kwa Tarmo, nyuma ya stesheni ya Salo,
Februari, nyuzi kumi na tisa chini ya sufuri,
simu mbili zimelala juu ya kitambaa cha kijani
kama mapacha waliovishwa sare na mama mmoja.
Zote nyeusi. Zote za mwaka ule ule.
Zote zimetoa meno nje: safu nne za vitufe,
kila kitufe kimebinuka kidogo
kama punje ya hindi bichi.

"Siku hizi, Hilkka, ni wewe tu unayeziulizia,"
asema Tarmo bila kejeli, akinimiminia kahawa.
Simjibu. Navua glavu moja,
na ya pili naiacha. Hilo ndilo jibu.
Kioo kitupu hakisikii sufu.
Kioo hutaka kidole uchi,
na vidole vyangu, tangu mifupa ianze kulia,
havipendi tena kuvuliwa nguo hadharani.

Miaka kumi na mmoja nilikaa kiwandani ng'ambo ya mto,
kituo cha saba, taa nyeupe, kofia ya karatasi.
Kazi yangu ilikuwa kubonyeza.
Simu inakuja, naanza na q, namaliza safu zote,
nasikiliza: tik, tik, tik, tik.
Iliyolia kote ilikwenda zake duniani.
Yenye kitufe bubu niliitupa kwenye kasha jekundu,
wala sikuiuliza ilikuwa na nini cha kusema.
Halafu asubuhi moja tukaitwa ukumbini
tukatupwa sisi.

Basi kuchagua najua. Lete.

Ya kushoto: tik zote. Ubavuni haina hata mkwaruzo.
Naandika jina la mjukuu wangu aliye Oulu,
Säde, yaani mwale wa jua
(alizaliwa Desemba, wakati jua la huko
huchungulia tu na kurudi kulala).
Herufi ya pili, dole gumba linakwenda kulia,
kule lilikozoea, linagonga ukuta.
Hii iliundwa kwa ajili ya nchi nyingine.
Haina a yenye nukta mbili kichwani.
Kwenye kioo anatokea Sade.
Sade ni mvua.

"Nukta zimo ndani," asema Tarmo,
"bonyeza hapa, shikilia, kisha chagua."
Najua zimo ndani.
Jina la mtoto si soksi, hata nilipekue.

Ya kulia: nukta zipo nje, Säde anang'aa.
Naendelea: ni mummo, yaani bibi,
na m hailii.
Narudia. Kimya. Kama kubonyeza mkate.
Naandika mummo, inatoka uo.

Nacheka hadi kahawa inamwagikia kitambaa.
Mchagua nazi hupata koroma,
na mimi nimewekewa koroma mbili:
moja inamgeuza mtoto kuwa mvua,
nyingine inamfuta bibi, inabakiza irabu mbili tu
kama mtu anayeita kutoka kisimani.

Tarmo anaisogeza ile ya kushoto.
"Hii nzima, Hilkka. Tofauti ni euro kumi."
Ana haki. Kituo cha saba ningesema hivyo hivyo.
Lakini najua pia kilichomo chini ya m:
kuba la bati, dogo kuliko dengu.
Likichoka huinama, halirudi,
ila ukilichokoza kwa ukucha, pembeni, kwa hasira kidogo.
Nachokoza. Hakuna.
Hakuna.
Tik.

Nalipa euro ishirini na tano, natia laini yangu,
nakwenda kukaa kwenye benchi la stesheni
na glavu zangu zote mbili.
Säde, ni uo, naandika. Natuma hivyo hivyo.
Treni ya Turku inapita, inatutupia theluji.
Jibu linaingia:
Uo ndiyo nini?

Navua glavu.