Vidonda vya Tumbo

Daktari alinena nawe ukumbini,
nikaachwa na feni na kalenda ya mwaka jana.
Ukarudi na bahasha kwapani, Lali,
ukasema: "Ni vidonda vya tumbo, mama. Punguza pilipili."

Nikapunguza.

Lakini Thinana, aliyeninunia tangu harusi ya Bunu
kwa sinia moja lisilorudi kwao,
juzi kaja na tambi, kaniosha miguu
huku macho kayapeleka ukutani.
Mwenye duka wa Langoni hanidai tena.
Hata punda umemhamisha,
eti asinikatize usingizi.
Usingizi gani? Nyinyi mwanong'ona hadi alfajiri.

Mimi ni mshona kofia, mwanangu.
Miaka arubaini nahesabu vitobo
ambavyo wewe huvioni hata kwa miwani;
utanificha neno la herufi nane?
Nimelisoma kwenye kadi
siku ile ulipokwenda kulipia boti ya Mokowe.

Tangu hapo nalala nalo peke yangu.
Lanipanda kifuani, lanibana pumzi,
na tumbo, wallahi, ndilo lenye nafuu.
Mchana nakuchekea. Nasema, "Nikipona..."
nakuona wameza mate.
Tumekuwa wageni wawili, kila mmoja
amkaribisha mwenziwe ndani ya uongo.

Leo funga mlango. Keti hapa, mguuni pangu.
Hii kofia yako ya Idi imebaki upande mmoja.
Niulize ni nani ataimaliza.
Hilo tu. Nitajua umenambia.

Kisha niletee pilipili.