Vifungo Saba

Saa kumi na moja, ukungu bado umelala juu ya ziwa,
vidole vyangu ni vya mtu mwingine.
Navitumbukiza kwenye beseni la maji moto,
nangoja vinirudie kimoja kimoja
kama watoto walioitwa ndani, mchezo haujaisha.

Huku Kadutu kila njia ni kupanda.
Udongo, utelezi, gunia la makaa
juu ya mgongo wa mama anayenipita akisema pole.
Ngazi, goti langu linazijua kwa hesabu:
themanini na mbili. Kwenye ya sitini nasimama,
najifanya natafuta simu.

Mwanzoni walisema losheni. Nsimire amejichubua,
tazama mashavu.
Mama mkwe alikwenda mbali zaidi,
akaleta mizizi, akanikanda hadi nikalia.
Kisha damu yangu ikasafiri bila mimi,
ikavuka daraja la Ruzizi ndani ya boksi la barafu,
ikakaa siku tisa ugenini,
ikarudi ikiwa karatasi.

Daktari Cikuru akaweka kidole kwenye mstari:
"Hizi ni kingamwili. Zimeumbwa zikulinde.
Zako zimekosea adui, zinapiga viungo vyako mwenyewe."
Nikacheka hadi akashtuka.
Daktari, mtu wa Bukavu
ndiye wa kuelezwa habari ya walinzi
wanaomgeukia mwenye nyumba?

Lakini karatasi haijui yote.
Mwezi wa tano namba zilipanda,
nami nikacheza harusini kwa Mugisho, viatu mkononi.
Mwezi wa nane zikashuka, wote wakashangilia,
nami nikashindwa na kizibo cha chupa ya mafuta.
Nilimuuliza kwa nini.
Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akasema:
"Sijui, mama."
Nilimpenda kwa hilo.

Mwenye duka la dawa hunitania:
malaria gani hii isiyoisha mwaka mzima?
Nahesabu vidonge, nahesabu faranga, naondoka.

Leo kuna blauzi ya bibi harusi, vifungo saba mgongoni,
vidogo kama punje za mtama.
Nabintu ananitungia uzi.
Vitano nimeshona mimi. Jua limeingia mlangoni,
nimesogeza kiti kivulini.
Viwili vitangoja.
Visipongoja, binti yangu ana vidole kumi,
na ameanza kuvionea fahari.