Kidonda cha Mwonja Chai

Wewe kidonda, u kidogo kama punje ya dengu,
cheupe katikati, chekundu pembezoni,
umepanga ubavuni mwa ulimi wangu
bila kodi, bila hodi,
juma lile lile la mnada wa Coonoor,
vikombe sitini vikinisubiri mezani
na Bwana Mutharasan keshashika kalamu.

Kazi yangu ni kuvuta chai kwa kelele,
mvuto mmoja mkali, kama mtu asiyefunzwa adabu,
kisha kutema, kisha kusema:
hii imechumwa asubuhi ya ukungu,
hii imeungua, hii inanuka gunia.
Mama aliniita Thenmozhi, maneno ya asali.
Siku ile nikasema "nzuri" mara sitini.
Kalamu ikaandika.

Nimekuuguza, usiseme sikukuuguza.
Chumvi, nusu kijiko, kwa glasi ya maji vuguvugu:
sukutua, tema, asubuhi na jioni.
Pilipili nikaiacha, na ndimu, na achari;
dawa ya meno yenye povu jingi nikampa jirani.
Shangazi Poongodi akaniletea mnavu
alioupika kwa tui la nazi,
akaketi kunitazama nikimeza,
akauliza: "Umemsengenya nani?"

Wenzako nawajua.
Huja na mawazo, huja nikijing'ata,
hukaa siku saba, kumi, wakaidi kumi na nne,
huondoka bila kovu wala kwaheri.
Wewe ukapita juma la pili.
Ukapita la tatu.
Nikaanza kula nimegeukia ukuta,
na kucheka kwa nusu ya mdomo.

Haya, nikuambie nilichokuwa naficha.
Mama alitafuna tambuu miaka arobaini,
mate mekundu kwenye kila kijia cha shamba.
Naye alianza na kidoa. "Chakula kilikuwa cha moto," alisema,
nasi tukaamini, maana kuamini hakugharimu kitu.
Mwishoni aliandika kwa chaki
kwenye kibao cha shule cha mwanangu:
maji. mto. zima taa.
Kwa hiyo usiku sikukugusa kwa dawa tena.
Nilikugusa kwa ncha ya hofu,
nikikupima: umekua? hujakua?

Juma la tano Daktari Arulselvi akavaa glavu,
akaushika ulimi wangu kwa kitambaa
akauvuta pembeni, kama anayekagua mbuzi mnadani.
"Majuma matatu ndiyo mpaka," akasema.
"Kisichopona hapo, huletwa."
Akakata kipande cha kupeleka maabara,
akachukua damu,
kisha akapitisha kidole kwenye gego la kushoto.
"Unajua hili limevunjika?"

Mimi, nijuaye chai imeota mteremko upi,
sikulijua jino langu mwenyewe.

Siku kumi na moja za kungoja majibu.
Sina la kuzisema. Mvua ilinyesha.

Halafu karatasi: kipande ni salama.
Damu imepungukiwa madini ya chuma,
meza vidonge, kula maini, kula huo mnavu wa shangazi,
"ila vidonge usimeze kwa chai," akasema daktari,
"chai huzuia chuma kuingia mwilini."
Nikacheka, kwa mdomo mzima, ukauma.
Gego likasuguliwa makali yake kwa mashine.
Vumbi lilinuka pembe inayoungua.
Dakika nne.
Majuma matano ya ukuta, na dakika nne.

Leo Jumanne nimekutafuta sikukupata.
Kuna ulaini tu pale ulipokaa,
kama nyasi zilizolaliwa na ndama.
Kikombe cha saba. Nikavuta kwa kelele, nikatema.
"Gunia," nikasema.

Bwana Mutharasan akanitazama juu ya miwani,
akarudisha kurasa za daftari nyuma, taratibu.
"Na vile sitini vya mwezi uliopita?"

Nikafungua mdomo.